Mjane wa Birmingham na Herufi za Mumewe

Ni wachache mno miongoni mwa wasomao gazeti, kitabu au waraka wa kazi ambao hupata kujiuliza ni nani aliyezichonga herufi zilizo mbele ya macho yao. Jicho hupita juu ya herufi kama mguu upitavyo juu ya daraja, na fundi wa daraja hakumbukwi mpaka siku linapovunjika. Hata hivyo, kila aina ya herufi za chapa ina baba yake, na nyingine zina mama pia. Miongoni mwa hizo ni herufi ziitwazo Baskerville, zilizozaliwa katika mji wa Birmingham, Uingereza, katikati ya karne ya 18. Zilibezwa na wenyeji, zikauzwa nchi za nje, zikasahauliwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na leo zimo ndani ya kompyuta na simu za watu wengi wasiojua hata jina lake.

John Baskerville alikuwa mtoto wa kijiji cha Wolverley, katika jimbo la Worcestershire. Hakusomea kazi ya kupiga chapa. Alipohamia Birmingham akiwa kijana alijipatia riziki kwa kufundisha mwandiko mzuri na utunzaji wa hesabu, na pia kwa kuchonga maandishi juu ya mawe ya makaburi. Limesalia jiwe moja dogo la tangazo lake, lililochongwa kwa miandiko ya namna mbalimbali ili mfiwa achague ule utakaompendeza. Kazi mbili hizo, ya kalamu na ya patasi, ndizo zilizomfunza mambo ambayo wapiga chapa wengi wa wakati wake hawakuyajua. Kalamu ya unyoya ilimfunza jinsi mstari unavyonenepa na kukonda mkono ukizunguka, na patasi ikamfunza kumaliza ncha kwa ukali bila ya kuacha uchafu.

Fedha, hata hivyo, hakuipata kwenye kalamu wala kwenye makaburi. Aliipata kwa biashara ya kupaka masinia na vyombo vingine vya bati vanishi nyeusi ing'aayo, kwa mfano wa kazi za Japani zilizokuwa zikipendwa mno na matajiri wa Ulaya. Mwaka 1742 alipewa hataza ya serikali kwa uvumbuzi wake katika kazi hiyo. Akajenga nyumba kubwa pembezoni mwa mji, mahali alipopaita Easy Hill, na akawa akipita mitaani katika gari la farasi ambalo mbavu zake zilikuwa mabamba yaliyopakwa rangi kama maonyesho ya bidhaa zake. Alipenda kuonekana, wala hakuficha.

Mnamo mwaka 1750 hivi, akiwa amekwisha pita umri wa miaka arobaini na hana haja ya kutafuta mali zaidi, alianza kutengeneza herufi. Siku hizo kila herufi ilichongwa kwanza kinyumenyume kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua. Kipande hicho kiligongwa kwenye shaba ili kuacha alama, na shaba ile ikawa kalibu ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa. Uso wa herufi moja ya risasi ulikuwa mdogo kuliko punje ya mhindi, na kitabu kimoja kilihitaji maelfu kwa maelfu. Uchongaji wenyewe wa chuma ulifanywa na fundi aliyeitwa John Handy, na inafaa jina lake litajwe, kwa sababu wenye mali ndio ambao aghalabu hukumbukwa na wenye mikono wakaachwa.

Baskerville alitambua upesi kwamba herufi nzuri peke yake haitoshi. Mistari yake myembamba ingepotea kwenye karatasi ya siku zile, iliyojaa michirizi ya waya za chekecheo, na ingejazwa na wino uliokuwa mzito na wa kahawia. Kwa hiyo alianza upya kila kitu. Aliitengeneza mitambo yake iwe imara zaidi, ili bamba likandamize sawasawa. Alipika wino wake mwenyewe, mweusi kuliko wino wowote uliokuwa ukitumika Uingereza. Kurasa zilipotoka mtamboni zikali mbichi, zilibanwa baina ya shaba yenye moto hadi zikateleza kama hariri. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil kwa Kilatini, kilitoka mwaka 1757, na sehemu ya nakala zake ilipigwa juu ya karatasi mpya isiyo na michirizi kutoka kwa James Whatman. Wanunuzi walijiandikisha mapema, na miongoni mwao alikuwa Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa viongozi wa Marekani huru.

Sasa yafaa kuitazama herufi yenyewe. Herufi za Baskerville zina vijistari vidogo kwenye miisho yake, ambavyo wachapaji huviita serifu. Ndivyo vinavyoifanya herufi isimame kama mtu aliyevaa viatu. Katika herufi za kale zaidi, kwa mfano zile za William Caslon wa London, serifu hizo ni nene kidogo na kingo zake zimelainika. Za Baskerville ni kali na zimenyooka. Tofauti baina ya mstari mnene na mstari mwembamba ni kubwa zaidi, na herufi ya mviringo kama O haikuinamia kushoto kama iandikwavyo kwa kalamu bali imekaribia kusimama wima. Herufi zake ni pana, na mwenyewe alipenda kuacha nafasi nyingi baina ya mistari na kuzunguka maandishi. Ukurasa wake hauna maua wala mapambo ya pembeni, jambo ambalo watu wa zama zile waliliona ukame. Ulikuwa na herufi, weupe wa karatasi, na basi.

Zipo alama ambazo kwazo mtu yeyote anaweza kuitambua akiwa na kitabu mkononi. Herufi ndogo ya g ina tumbo la chini lisilofungwa, kama kishikio cha kikombe kilichoachwa wazi. Mkono wa chini wa E kubwa umerefuka kuliko wa juu. J kubwa huteremka chini ya mstari. Na Q ina mkia mrefu unaopeperuka kulia kama kilemba kilicholegea. Mkia huo husifiwa kuliko kitu kingine chochote katika herufi hizi, lakini msomaji wa Kiswahili atasoma riwaya nzima asiuone hata mara moja, maana Kiswahili hakitumii Q. Kwa badala yake lugha hii imejaa a, k na w, na hapo Baskerville haitupi mkono: a yake ina tumbo lililotulia, na w ya mlazo huchezacheza kwa namna isiyochosha jicho.

Ubora huo wote haukuwaridhisha wenzake. Wapiga chapa wa London walisema kwamba mistari yake myembamba huumiza macho na kwamba weupe wa karatasi yake ing'aayo utawapofusha wasomaji. Franklin, katika barua aliyomwandikia Baskerville mwaka 1760, alimsimulia alivyokutana na bwana mmoja aliyeshikilia kwamba Baskerville atakuwa sababu ya taifa zima kupofuka. Franklin akamwomba bwana huyo amwonyeshe hasa kosa lilipo. Akaingia chumbani, akachukua karatasi ya mfano wa herufi za Caslon, akachana sehemu ya juu yenye jina, akamletea kana kwamba ni kazi ya Baskerville. Yule bwana akaitazama kwa makini, akaonyesha kasoro moja baada ya nyingine, akalalamika kwamba hawezi kuendelea kuisoma bila ya kusikia maumivu machoni. Herufi hizo za Caslon ndizo alizokuwa akizisoma maisha yake yote. Franklin hakumwambia, kwa kumsitiri aibu.

Baskerville mwenyewe hakuwa na uhasama na Caslon. Katika dibaji ya kitabu chake cha mashairi ya Milton cha mwaka 1758 alimsifu kwa heshima, akasema tu kwamba alimwachia mwenziwe huyo mambo aliyoyakamilisha na kujaribu yale aliyodhani bado yana nafasi ya kuboreshwa. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cambridge kilimteua kuwa mpiga chapa wake, na hapo akaanza kazi iliyomletea sifa kuu na hasara kuu: Biblia ya mwaka 1763. Wajuzi wengi huihesabu kuwa miongoni mwa vitabu vizuri kupita vyote vilivyowahi kupigwa chapa Uingereza. Zilitolewa nakala 1250, na nyingi zilikaa bila ya kununuliwa. La ajabu ni kwamba mpiga chapa wa Biblia hiyo hakuwa muumini wa dini, wala hakulificha jambo hilo. Aliipamba kwa upendo wa herufi tu. Baada ya hapo alichoka. Alijaribu kuwauzia wakuu wa nchi za Ulaya mitambo na herufi zake zote, wala hakupata mnunuzi.

Katika nyumba hiyo ya Easy Hill alikuwako mtu ambaye vitabu vya historia ya uchapaji vilimpa mstari mmoja au viwili kwa muda mrefu. Huyo ni Sarah Eaves. Alizaliwa Sarah Ruston, akaolewa na Richard Eaves, na mume huyo alipoingia katika mashaka ya sheria alikimbia na kumwacha na watoto. Sarah akaenda kwa Baskerville kuwa msimamizi wa nyumba. Muda si muda wawili hao wakawa wanaishi kama mke na mume, na watoto wakalelewa hapo. Majirani walisema waliyoyasema. Lakini sheria ya Uingereza ya siku zile haikumpa mwanamke aliyetelekezwa njia ya kujinasua. Talaka ya kumruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, jambo la matajiri, tena hasa la wanaume. Mume asiyeonekana, asiyeleta hata senti ya chakula, aliendelea kuwa mume mbele ya sheria mpaka atakapokufa. Richard Eaves alifariki mwaka 1764, na mwaka huohuo, bila kuchelewa, Baskerville na Sarah walifunga ndoa. Walikuwa wamekwisha kaa pamoja miaka zaidi ya kumi.

Sarah hakuwa wa jikoni tu. Alishiriki katika kazi ya matbaa, na aliijua vya kutosha kuiendesha. Hilo lilidhihirika Januari 1775, Baskerville alipofariki. Mjane alitangaza kwamba ataacha kupiga vitabu lakini ataendelea na utengenezaji wa herufi. Yamkini wengi waliutazamia mwisho wa mambo yote siku ya mazishi. Badala yake kalibu ziliendelea kumiminwa risasi chini ya uangalizi wa mwanamke, katika mji uliokuwa umemsengenya kwa miaka mingi.

Hapa ndipo palipokuwa na jaribu lenyewe. Sarah alibaki na masanduku ya vyuma vilivyochongwa na kalibu za shaba, kazi ya robo karne iliyokwisha meza fedha nyingi. Ndani ya Uingereza hapakuwa na mnunuzi wa maana. Angeweza kuviuza vipandevipande, shaba kwa muuza shaba na chuma kwa muuza chuma, na fedha ya haraka ingepatikana. Kama angefanya hivyo, herufi za Baskerville zingekwisha hapo, na leo zingeonekana katika vitabu vichache vilivyofungiwa kabatini. Alisubiri karibu miaka minne. Mwaka 1779 alikuja mnunuzi kutoka Ufaransa, akanunua kwa pamoja karibu kila kitu kwa takriban pauni 3,700. Wapo Waingereza walioandika baadaye kwa uchungu kwamba hazina ya taifa iliuzwa kwa wageni. Lawama hiyo haina haki. Taifa lilipewa nafasi ya kununua, likageuza uso.

Mnunuzi alikuwa Pierre-Augustin Caron de Beaumarchais, mtu wa mambo mengi: fundi wa saa, mwandishi wa michezo ya kuigiza, na mfanyabiashara aliyepeleka bunduki na baruti kwa Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru wao. Alitaka kupiga chapa maandishi yote ya Voltaire, aliyefariki mwaka 1778, na kwa kuwa mengi ya hayo yalipigwa marufuku Ufaransa, alikodi ngome kuukuu iliyokuwa Kehl, ng'ambo ya mto Rhine, katika ardhi ya mtawala wa Baden. Mahali palipojengwa kwa mizinga pakawekwa meza za wapanga herufi. Baina ya miaka 1784 na 1789 zikatoka juzuu 70, zilizopangwa kwa herufi alizochonga Handy na kutunzwa na Sarah. Beaumarchais naye alipata hasara. Sarah alifariki mwaka 1788, kazi ya Kehl ikiwa haijamalizika.

Mwili wa Baskerville nao haukuachwa upumzike. Kwa kuwa hakutaka kuzikwa kwenye ardhi ya kanisa, alizikwa katika bustani yake, ndani ya jengo lenye umbo la pia. Nyumba ikachomwa moto katika ghasia za Birmingham za mwaka 1791. Miaka thelathini baadaye vibarua walilifukua jeneza, na maiti ikawekwa ghalani na dukani, watu wakija kuitazama. Hatimaye iliingizwa kwa siri katika kanisa moja, na kanisa hilo lilipobomolewa mwishoni mwa karne ya 19, ikahamishiwa katika makaburi ya Warstone Lane. Mtu aliyekataa ardhi ya kanisa alilala humo mara mbili.

Herufi zake zilikuwa na bahati njema zaidi. Mwaka 1917 Mmarekani Bruce Rogers, mchoraji wa kurasa za vitabu, aliona mfano wa herufi hizo mjini Cambridge, akafuatilia mpaka ikajulikana kwamba kalibu za asili zingaliko Paris, zikiwa zimepita mikononi mwa viwanda kadha wa kadha. Mwaka 1923 kampuni ya Monotype ya Uingereza ikatoa herufi za Baskerville kwa mashine zake, na tangu hapo zikaenea katika vitabu vya kila aina. Mwaka 1953 Charles Peignot, mwenye kiwanda cha herufi cha Paris, aliwapa Cambridge vile vyuma vya asili kuwa zawadi. Vikarudi nyumbani baada ya miaka 174.

Ni kazi gani basi inayozifaa herufi hizi? Kwanza ni kitabu, hasa kitabu kirefu kisomwacho kwa utulivu: riwaya, wasifu, historia. Upana wake humpa msomaji pumzi. Pili ni cheti, kadi ya harusi, na kichwa cha barua, maana zikikuzwa ncha zake kali huonekana vizuri. Serikali ya Kanada imeliandika jina la nchi katika nembo yake kwa herufi za Baskerville zilizorekebishwa kidogo, na bendera ndogo imesimama juu ya a ya mwisho. Gazeti ni jambo jingine. Karatasi ya gazeti hufyonza wino, mistari myembamba hukatika au hujaa, na upana wa herufi hula nafasi ambayo mhariri hana. Kwa kazi hiyo zinafaa zaidi herufi kama Times New Roman, iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London mwaka 1932, nyembamba na ngumu kama askari aliyebana mikono ubavuni. Karani wa kikosi atakayepiga ratiba ya zamu kwa Baskerville atakuwa ameipeleka kanzu ya Idi shambani.

Anayezitaka katika kompyuta hana budi kuwa mwangalifu. Vifaa vya Apple vinazo kwa jina lake halisi. Katika programu za Microsoft hukutwa jina Baskerville Old Face, lakini hizo zatokana na herufi za kiwanda cha Fry, zilizochongwa na Isaac Moore kwa kumwiga Baskerville. Ni nzuri kwa vichwa vya habari, mbovu kwa maandishi madogo. Ipo pia Libre Baskerville, itolewayo bure, iliyonenepeshwa kidogo ili isomeke kwenye kioo.

Jambo moja la mwaka 2012 lastahili kufikiriwa na kila mtu ambaye kazi yake ni kupokea maandishi na kuyaamini au kutoyaamini. Mtengenezaji wa filamu Errol Morris aliwauliza wasomaji wa gazeti la New York Times kama wanakubaliana na dai fulani kuhusu usalama wa wanadamu. Maneno yalikuwa yaleyale kwa wote, bali kompyuta iliwaonyesha kwa herufi za aina sita, kila mmoja aina yake. Walijibu watu wapatao 45,000. Waliosoma dai hilo kwa Baskerville walilikubali zaidi kidogo kuliko waliolisoma kwa herufi nyingine. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini mwanasaikolojia David Dunning, aliyezikagua hesabu, hakuichukulia kuwa ya bahati nasibu. Basi herufi iliyoambiwa kwamba itapofusha taifa imegeuka kuwa shahidi anayeaminika, na hilo lina pande mbili. Tapeli naye anaweza kuipata kwa bei ileile. Afisa wa upelelezi aliyeletewa hati iliyopangika vizuri, na mama aliyeletewa mkataba wa mkopo wenye herufi za heshima, wote wana haja ya kuyasoma maneno yenyewe mara ya pili, kana kwamba yameandikwa kwa mkaa ukutani.

Mahali ilipokuwa Easy Hill sasa ni katikati ya mji wa Birmingham. Lipo jengo liitwalo Baskerville House, na mbele yake tangu mwaka 1990 imesimama sanamu ya David Patten: nguzo sita za mawe, kila moja ikibeba herufi moja ya shaba nyeusi iliyogeuzwa kinyume kama herufi za chapa zilivyo. Zikisomwa pamoja huandika Virgil. Hakuna nguzo ya Sarah hapo. Lakini mwaka 1996 Zuzana Licko, mwanamke aliyezaliwa Bratislava na kufanya kazi California, alichora upya herufi za Baskerville kwa kompyuta. Alizipunguza kimo na kuzipa ulaini ule ambao risasi huuacha kwenye karatasi. Alipotafuta jina hakuchukua la bwana mwenye matbaa. Aliziita Mrs Eaves, kwa jina ambalo Sarah alikuwa nalo katika miaka ile alipoishi Easy Hill kabla ya ndoa, na chini ya jina hilo zimepamba majalada ya vitabu vingi tangu wakati huo.